Gundi ya Makabati

Lililoninyima usingizi wiki ile lilikuwa swali moja: na kama ni mimi ninayekosea?

Mjomba wangu, kaka yake mama, ameunda mashua tangu kabla sijazaliwa. Mimi nilikuwa na shahada ya uhandisi niliyoivisha plastiki isiliwe na unyevu, na rundo la maombi ya kazi ambayo makampuni ya Shimanzi hayakuona haja hata ya kuyakataa. Yeye alisema mashua iko sawa. Mimi nilisema itazama na watu. Lau mpita njia angeniuliza ni yupi kati yetu wa kuaminiwa, hata mimi ningemwonyesha mjomba. Basi nililala chali katika chumba chetu cha Tononoka nikibishana na dari, na kila siku alfajiri ilinikuta sijashinda.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba mianya ya mashua ile hakuijaza mjomba. Niliijaza mimi, kwa mikono yangu miwili, kisha nikaipiga msasa mpaka mtu akipitisha kidole asijue ubao mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi. Nilijisifu. Nilipiga na picha.

Nilikwenda karakanani kwa mjomba kwa sababu mama alichoka kuniona nyumbani. Karakana yenyewe ni banda la mabati lililobanwa kati ya kuta mbili za nyumba kuukuu, chini kabisa ya Mji wa Kale, pale kichochoro kinapoteremka ghafla kwa ngazi na kuishia majini. "Kamsaidie mjomba wako hesabu za mbao," mama aliniambia. Alichomaanisha ni: niondokee machoni. Nikawa natembea kila asubuhi, napita Makadara nanunua viazi vya karai, nafika vidole vikinuka ukwaju.

Mjomba alinipokea kwa jina jipya. "Injinia! Karibu. Shika ufagio."

Kwa siku kumi na mbili nilishika ufagio. Nilizihesabu, kwa sababu mimi huhesabu kila kitu. Wanaume waliokuwa wakipita kwenda chini walinitazama na kanga yangu niliyoifunga kiunoni juu ya suruali, na mmoja wao, muuza samaki, hakuweza kujizuia.

"Fundi, siku hizi mashua wazipeleka saluni?"

"Naam," mjomba alijibu bila kuinua kichwa. "Ngoja tumalize kuitia hina, kisha twaja kukuposea."

Walicheka wote wawili. Mimi niliendelea kufagia, nimeuma meno, nikitunga majibu ambayo yalinijia kamili jioni nikiwa nimeshafika nyumbani.

Mashua iliyokuwa juu ya magogo siku hizo ilikuwa ndogo, ya kukaa watu sita wakibanana. Aliyeiagiza alikuwa mwenye mkahawa ulio ngazi chache juu ya karakana, katika nyumba ya zamani aliyoinunua na kuipaka chokaa mpaka ikang'aa kama jino la bandia. Aliitaka mashua isimame mlangoni, ijazwe barafu, juu ya barafu wapangwe samaki na kamba, wageni wachague wenyewe chakula chao. Ilikuwa pambo tu, na mjomba aliichukia kazi ile tangu ubao wa kwanza.

"Baba yangu aliunda vyombo," alisema. "Mimi naunda sinia."

Alikuwa na haki ya kukasirika, hilo simnyimi. Lakini hasira yake aliimalizia kwenye kazi. Mbao alizipanga haraka haraka, na kati ya ubao na ubao ikabaki mianya ambayo mingine iliingia ncha ya kidole changu kidogo. Siku ya kuiziba ilipofika aliniletea ndoo ya unga wa msumeno, mkebe wa gundi nyeupe na kisu cha kupakia.

"Changanya iwe kama ugali mwepesi. Ziba. Ikikauka, piga msasa."

"Si tunatia kalafati?" niliuliza.

Niliuliza kwa sababu kalafati naijua. Ni pamba tu: unaisokota iwe kamba nyembamba, unailoweza mafuta, kisha unaisukuma kwa patasi butu na nyundo ya mbao ndani ya mwanya, ubao kwa ubao, mpaka isikubali kuingia tena. Mbao zikishaonja maji hufura, pamba nayo hujibana, na hapo ndipo mashua inapofungika. Marehemu nyanya yangu hakuwahi kushika nyundo, lakini pamba zote za vyombo vya babu alizisokota yeye, juu ya paja, na alitufundisha mama na mimi. Alikuwa akikaa kwenye baraza, babu akigonga huko chini, na mara nyanya anapaza sauti: "Hapo hapajajaa! Rudi nyuma!" Alisikia kwa mlio. Mwanya wenye njaa hulia bubu. Ulioshiba hulia kama mlango mgumu unaobishwa.

Mjomba alinitazama kama niliyemtaja maiti kwenye harusi.

"Kalafati ya nini? Samaki waliokwisha kufa watazama?"

Nikacheka. Nakumbuka vizuri kwamba nilicheka.

Mimi ni mtu wa kusoma maandishi yote, hata ya nyuma ya paketi ya chumvi. Mkebe ule uliandikwa kwamba ni gundi ya makabati na samani, ya kutumika ndani ya nyumba, isilowe. Nilisoma mara tatu. Nikajiambia mlango wa mkahawa ni ndani ya nyumba. Nikachanganya, nikaziba, nikapiga msasa, mjomba akatia rangi nzito nje na ndani, bluu na nyeupe. Kwa mara ya kwanza aliniambia, "Mkono wako si mbaya, Injinia." Nilirudi Tononoka siku ile nikipita Makadara kama niliyepata kazi.

Siku nne baadaye mwenye mkahawa aliteremka ngazi, miwani imepandishwa kichwani, nyuma yake akifuatwa na mpishi wake mkuu, mama wa makamo mwenye kicheko cha karibu, mtu wa bara ya Kilifi ambaye sasa anakaa ng'ambo, upande wa Kisauni. Wenzake watatu wa jikoni nao wanakaa huko huko.

"Fundi, nimebadilisha mawazo," alisema mwenye mkahawa. "Barafu nitaweka kwenye meza. Hii niwekee makasia. Hawa watu wangu kila siku wanachelewa darajani na msongamano. Watavuka kwa mashua asubuhi, watavuka kwa mashua jioni. Dakika kumi tu, wamefika."

Nilimtazama mjomba nikingoja aseme. Mjomba alikuwa akijifuta mikono kwa kitambaa, akavifuta na vidole kimoja kimoja, na kitambaa kile kilikuwa kichafu kuliko mikono yake.

"Bwana, mimi uliniambia ni ya pambo," alisema hatimaye.

"Kwani uliniundia mashua au kabati?"

Alisema kwa mzaha. Hakujua alichokigusa. Niliona shingo ya mjomba ikikakamaa.

"Mashua," mjomba alisema. "Baba yangu hakunifundisha makabati."

Basi yakaisha. Mpishi alikwishaingia ndani ya mashua, juu ya magogo pale pale, akajaribu kukaa mahali pa mbele, akajaribu pa nyuma, akauliza kikapu chake ataweka wapi kisilowe. "Maana mimi, wanangu, sijui kuogelea hata kwenye beseni," akasema, na akacheka mwenyewe. Aliposhuka alipitisha kiganja kwenye mbao. "Laini kama kikombe! Mkono wa nani huu?"

"Wa injinia wetu," mjomba alisema.

"Mungu akubariki, mwanangu."

Sijawahi kupewa baraka iliyonichoma vile.

Walipopanda ngazi nilimgeukia mjomba. "Ile gundi huyeyuka majini."

"Rangi imeifunika."

"Rangi itapasuka. Mbao zitafura, zitasukumana, rangi itapasuka, maji yataingia kwenye gundi."

"Injinia," alisema polepole, "wewe mashua ngapi umeunda?"

"Hakuna."

"Mimi?"

Nilirudi kwenye ufagio. Hapo ndipo nilipojichukia, na hapo ndipo swali lilipozaliwa. Kwa sababu nilipolitafuta jibu ndani ya kichwa changu nilipata maneno ya darasani na mkebe wa gundi, basi. Yeye ana maisha mazima mikononi. Huenda alijua kitu kuhusu rangi nisichokijua mimi. Huenda dakika kumi si kitu kwa mashua. Huenda nilitafuta tu mahali pa kuwa na maana baada ya mwaka mzima wa kutokuwa na maana popote. Kila "huenda" ilizaa nyingine.

Jumapili ilikuwa siku ya kuijaribu. Huku kwetu mashua mpya hujaribiwa kinyume na watu wanavyodhani: haitiwi majini, maji ndiyo hutiwa ndani yake ikiwa bado kwenye magogo, kisha watu huizunguka kwa nje kutazama inatokwa jasho wapi. Enzi za babu maji yalikaa humo kutwa na kucha, na nyanya alikuja na kipande cha mkaa akitia alama kila palipotoa machozi. Mjomba alivuta mpira wa maji, akaijaza nusu, akamwita mwenye mkahawa. Walisimama nusu saa wakizungumza habari za mpira na bei za kamba. Hakuna tone lililotoka. Mwenye mkahawa akaupiga ubavu wa mashua kofi, kama mtu apigavyo ng'ombe aliyemnunua.

"Safi! Ijumaa asubuhi tunaishusha."

Mjomba akachomoa kizibo, maji yakamwagika, yakateremka ngazi kwenda baharini. Aliniangalia. Jicho lake lilisema: unaona?

Niliona. Niliona nusu saa. Kabati la mama pia ukilimwagia maji nusu saa haliharibiki. Liache kwenye mvua wiki moja.

Jumapili hiyo hiyo nilichukua vipande viwili vya mbao vilivyobaki, nikaviunga kwa mchanganyiko ule ule, na kwa kuwa gundi hukauka upesi kwenye joto letu, jioni nilivitia rangi ile ile, mara mbili, pande zote. Jumatatu asubuhi nikavizamisha kwenye ndoo ya maji ya bahari, nikaificha chini ya meza ya randa. Jumatatu nzima hakuna kilichotokea, na nikaona haya. Jumanne rangi ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Jumatano mchana nilipochomeka ukucha kwenye ule ufa ulizama, na kilichotoka kilikuwa uji mweupe. Vile vipande viliachana mikononi mwangu bila kelele, kama watu waliokwisha kugombana zamani.

Nilimpelekea mjomba. Alikuwa akinywa kahawa kwenye ngazi.

"Ndoo si bahari," alisema.

"Kweli. Ndoo haina mawimbi."

Akaweka kikombe chini. "Wataka niende kwake niseme nini? Kwamba mimi, mtoto wa baba yangu, nilimfanyia mashua kwa gundi ya makabati? Mji huu mdogo. Kesho muuza samaki ataniuliza kama naunda na vitanda."

"Na yule mama?"

"Ataikalia mwezi mmoja, miwili. Ikianza kuvuja wataileta, nitaitia kalafati kimya kimya. Kila mashua huvuja. Watapewa na kopo la kuchotea."

Kopo la kuchotea! Tangu nianze kazi pale nilikuwa nimekasirishwa na wanaume wa ngazini, na ofisi za Shimanzi, na ufagio. Zote zile zilikuwa hasira ndogo. Hii ilikuwa nyingine. Alijua! Siku zote zile nikijitesa kwamba huenda fundi ana elimu nisiyo nayo, kumbe anajua vile vile ninavyojua mimi. Tofauti yetu ilikuwa kwamba yeye alikuwa na heshima ya kulinda, na heshima yake inajua kuogelea. Yule mama hajui.

Nilirudi nyumbani kupitia Makadara, nimekaza mwendo. Kwenye simu nilikuwa na nambari ya mwenye mkahawa. Nilimwandikia ujumbe nikaufuta. Nikaandika mwingine wa heshima zaidi, nikaufuta. Wa tatu ulikuwa mrefu, wenye maelezo ya jinsi mti unavyofura, na nilipousoma upya nilijiona nikiwa bado najaribu kufaulu mtihani. Katika kila ujumbe nilimsema mjomba. Hakuna hata mmoja ulioanza na neno "mimi".

Nikazima simu. Nikaingia duka la vifaa vya magodoro, nikanunua pamba.

Mama alikuwa uani akichambua mchicha. Aliponiona nimekaa, nimefunua paja, namimina mafuta ya nazi kwenye sufuria yake bila ruhusa, aliacha kuchambua.

"Mjomba wako ajua?"

"Atajua."

Aliusogeza mchicha, akanawa mikono, akavuta fungu la pamba kwake. Kamba zake zilikuwa nyembamba na zilizo sawa kuliko zangu. Zangu zilikuwa na vifundo. "Usisokote na hasira," alisema, "inakatika." Nilijaribu. Ilikatika. Tukafanya mpaka adhana ya magharibi.

Alhamisi nilifika karakanani kabla ya mjomba. Ufunguo ninao, kwa sababu ya ufagio. Mashua ilikuwa imekaa kwenye magogo yake, bluu na nyeupe, nzuri, nzuri sana, na patasi nilikuwa nayo mkononi. Ningeweza kuanza. Angefika akute nusu imekwisha. Lakini nilisimama nikafikiri, na angalau mara hii kufikiri kwangu kulinifaa: nilikuwa nimeijaza kimya, na nikiifungua kwa siri nitakuwa nimefanya jambo lile lile mara mbili. Nikakaa kwenye ngazi, sufuria ya mama magotini, nikamngoja.

Alipofika nilisimama. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Aliona sufuria. Aliona pamba. "Hiyo nini?"

"Naifungua."

"Hufungui kitu."

"Naifungua, na nimekungoja ili uone."

Nikaweka ncha ya patasi kwenye mwanya wa kwanza chini ya mstari wa rangi, ule ambao utakuwa majini muda wote, nikapiga. Rangi iliruka. Nikapiga tena, nikavuta, na gundi ikatoka kipande kirefu kigumu, kama mfupa wa samaki. Sikuchagua mahali pa pembeni panapoweza kurekebishwa kabla ya Ijumaa. Nilianza katikati ya ubavu, pale ambapo macho yanatua kwanza.

"Wewe mtoto! Wazimu umekupanda? Mashua ya watu hiyo!"

"Ndiyo, ya watu!"

Sijawahi kumpigia mjomba kelele, wala sijui mtu wa kwetu aliyewahi. Sauti ilipanda ngazi. Muuza samaki alisimama na kikapu chake. Nyuma yake, kwa kuwa mkahawa hauko mbali, aliteremka mwenye mkahawa, na mpishi akiwa bado na kisu cha kumenyea viazi.

"Kuna nini? Mbona mwaiharibu?"

Mjomba alifungua mdomo. Sijui alitaka kusema nini, sikumpa nafasi.

"Ni mimi niliyeijaza," nilisema. "Niliijaza kwa gundi isiyofaa maji. Ingewazamisha. Nilijua tangu siku mlipokuja, na nikanyamaza. Sasa naitoa yote naitia pamba. Ijumaa haitashuka."

Mwenye mkahawa aligeuka kwa mjomba. "Fundi, ni kweli?"

Mjomba alikuwa akikitazama kile kipande cha gundi chini, karibu na mguu wake. Alikiokota, akakivunja mara mbili kwa vidole. "Kweli," akasema, na akaenda kukaa kwenye gogo la nyuma, ametupa mgongo.

Mwenye mkahawa alisema mengi. Kwamba tumemdanganya, kwamba atamtafuta fundi mwingine, kwamba hakuwahi kuona karakana ya ovyo kama hii. Mengine yalikuwa kweli. Nilimwacha aseme. Mpishi ndiye aliyesogea, akachungulia ule mwanya uliokuwa wazi, akaona mwanga wa upande wa pili.

"Humu ndimo ningekaa mimi?"

"Ndiyo, mama."

Hakunibariki safari hii. Alinitazama tu, na lilikuwa jicho nililostahili. "Itachukua siku ngapi?"

"Sita. Kisha itakaa na maji ndani usiku na mchana, mara mbili. Njoo na mkaa, utie alama mwenyewe."

Nikapiga magoti, nikachukua kamba ya pamba iliyosokotwa na mama, nikaibana kwenye mwanya, nikaanza kugonga. Mlio ulikuwa bubu. Nikaongeza pamba, nikagonga.

"Hapo hapajajaa," mjomba alisema kwa ukali kutoka kwenye gogo lake, bila kugeuka. "Rudi nyuma."

Nilikuwa bado nimemkasirikia. Nikarudi nyuma.